Vikaratasi vya Fundi Saa

Mama Vitabu alikuwa na sheria moja tu, na hiyo moja ilitosha kuwatoa watu jasho. Ukiazima kitabu kwenye kibanda chake, hukirudishi mpaka umeandika maoni yako. Kila kitabu kilichopendwa kilikuwa na daftari lake, limetundikwa msumarini chini ya rafu, na kalamu ikining'inia kwa uzi pembeni. Mstari mmoja unatosha, lakini bila huo mstari hupewi kitabu kingine, hata uwe nani, hata ulie. Siku moja hakimu mzima aliandika "Kizuri" akataka kuondoka. Mama Vitabu akamwita, "Mheshimiwa, kizuri kwa nini? Toa sababu za hukumu." Hakimu akarudi, akaandika nusu ukurasa.

Daftari nene kuliko yote mwaka ule lilikuwa la *Kengele ya Saa Tisa*, riwaya ya ujasusi ya mtu aliyejiita Kapteni Radi. Nakala tatu hazikukaa rafuni hata siku moja. Ilihusu mpelelezi mmoja mwenye saa thelathini na sita za kumzuia gaidi asiilipue stesheni ya treni, basi. Lakini watu waliisoma kama walioahidiwa wali.

"Nimeunguza sufuria sura ya nne," aliandika mke wa mtu mmoja, "na mume wangu hakuuliza chakula kwa sababu alikuwa anasoma begani kwangu." Muuguzi wa zamu aliandika kwamba mgonjwa wake alingoja sindano mpaka amalize ukurasa, Mungu amsamehe. Dereva wa lori alikuwa na lake: "Huyu mpelelezi hali, halali, wala haendi haja. Mimi nikiendesha siku mbili hivyo naanza kuona majini barabarani." Mwalimu mstaafu wa hesabu alilalamika kuwa ukurasa wa 112 treni imefika kabla ya kuondoka, kakokotoa mara mbili, hata hivyo mwishoni alilia. Na kinyozi akamaliza ubishi: "Kapteni huyu amepigana vita. Mtu hawezi kubuni haya. Ameona."

Kapteni Radi mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo, kikapu cha sokoni mkononi, akijifanya anatafuta kitabu cha mapishi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mpiga chapa, anayeogopa mende. Hakuwahi kushika silaha kubwa kuliko kisu cha kukatia vitunguu. Aliishi ghorofani na shangazi yake, na alichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya pango na malalamiko ya watu kwa watu. Kitabu alikiandika katikati ya kazi hizo, na zaidi ya mhariri wake hakuna aliyejua, hata shangazi. Kila Jumatatu alikuja kusoma daftari lile. Ilikuwa raha yake, na raha ya siri huwa tamu mara mbili.

Jumatatu hiyo alifungua ukurasa mpya, akakuta mwandiko asioujua.

"Huyu gaidi namfahamu. Anatengeneza saa barazani chini ya ghorofa la njano. Tazameni kidole gumba."

Chini yake mwingine: "Kweli! Na vikaratasi vyake vya picha! Nilikuwa nacheka, sasa sicheki."

Na chini zaidi, kwa wino mwekundu: "Jumatano saa nane na nusu anafunga na kuondoka na begi. Stesheni ni mwendo wa nusu saa. Hesabuni wenyewe."

Kikapu kilimponyoka, viazi vikatawanyika sakafuni. Mama Vitabu aliinama kumsaidia. "Dada, umepungukiwa damu?"

"Jua tu," alisema mpiga chapa. Jua halikuwepo, lilikuwa limefunikwa na mawingu tangu asubuhi.

Tuseme ukweli kabla hatujamhurumia. Hakuteleza. Alifanya kwa makusudi, tena kwa ustadi.

Mwaka mmoja na nusu nyuma mhariri alimpigia simu, akamwambia, "Kitabu ni kizuri, ila gaidi wako ni wa karatasi. Hana jasho. Msomaji hawezi kumwogopa mtu asiyekuwa na vidole." Mpiga chapa alikaa siku nne mbele ya mashine yake bila kupata kidole hata kimoja. Siku ya tano alifunga fundo pazia la dirisha apate mwanga, akatazama chini, na gaidi wake akawa ameketi barazani, anapuliza tumbo la saa.

Fundi saa alikuwa pale miaka ishirini na saba. Meza ndogo, kabati la kioo, kiti kilichofungwa kamba mguuni. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha. Kabla ya kufunga saa yoyote aliipulizia mara mbili, wala si moja wala si tatu. Hakupenda kupigwa picha. Na kila Jumatano saa nane na nusu mchana, hata kama kuna mteja, alifunga kabati, akabeba begi la ngozi ya kahawia lililochakaa, akaondoka bila kumwambia mtu anakokwenda, akarudi jua likizama.

Kisha vile vikaratasi. Mafundi wengine huandika jina la mwenye saa kwenye kikaratasi na kukifunga kwa uzi. Huyu alikuangalia usoni kidogo, akachora. Pua ndefu, kilemba, miwani, pengo. Kinyozi alichorwa masikio mawili basi, na kila mtu akamjua. Shangazi alichorwa mwavuli, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila mwavuli, mvua inyeshe isinyeshe. Watu walijivunia picha zao. Walidhani ni uchangamfu wa mzee.

Mpiga chapa alivichukua vyote. Alimwanua yule mzee kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba ya jirani, hata soksi hakumwachia. Kucha, pumzi mbili, begi, Jumatano. Vikaratasi akavifanya ndiyo siri kubwa ya kitabu: kila picha ni mahali pa kushambuliwa, na mwavuli ni stesheni. Sura ile mhariri aliisifu mpaka akakohoa.

Na bado hakutosheka. Alishuka na saa yake ya kengele, nzima kabisa, akasema ni mbovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Haitulii. Halafu nilitaka kujua, hivi ndani kuna nini hasa kinachoifanya ilie?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mzee yule swali la namna hiyo. Aliazima kiti cha jirani, akamkalisha, akamfunulia saa kama mtu anayemfunulia mgeni picha za harusi. Alimweleza saa nzima na robo. Mwishoni akasema maneno yake mwenyewe, taratibu, huku akipuliza, "Saa haina haraka, mwanangu. Binadamu ndiye mwenye pupa." Mpiga chapa alipanda ngazi mbilimbili akaenda kuyaandika kabla hayajampotea. Kwenye kitabu anayasema gaidi, ukurasa wa 140, akifunga begi. Ile saa ya kengele aliisahau hukohuko barazani. Alishapata alichokifuata.

Sasa turudi kwenye daftari. Mwanzoni watu walifanya mzaha. Wakipita barazani walimsalimu, "Bwana Saa Tisa, hujambo?" Mzee alicheka nao. "Nasikia kuna kitabu kina saa ndani," aliwaambia. "Vizuri, vizuri. Watu wasome mambo ya saa." Alikuwa na furaha ya mtu ambaye ukoo wake umetajwa redioni.

Lakini mzaha una miguu. Ndani ya mwezi ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa uhakika. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Kabati la kioo likaanza kuonyesha nafasi tupu. Watu walikuja kuchukua saa zao hata zile ambazo hazijaguswa. Mzee aliwarudishia akiuliza, "Haraka ya nini? Siku mbili tu itakuwa tayari." Walisema wanasafiri. Mtaa mzima ulikuwa unasafiri na kesho yake uko palepale.

Shangazi alikisoma kitabu kwa siku mbili, miwani ikiwa imemshuka puani, kisha akaingia chumbani kwa mpiga chapa ameshika kifua.

"Mwavuli," alisema.

"Umeupoteza?"

"Mwavuli ni stesheni! Ukurasa wa tisini na sita! Miaka yote hii ananichora mwavuli, mimi nacheka kama zuzu, kumbe ndiye mimi stesheni ya treni!"

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Hadithi! Huyo Kapteni mwanajeshi. Hawa huwa hawawezi kusema wazi, wanasema kwa mafumbo ili serikali isiwabane." Akafungua mlango. "Nakwenda kuchukua saa yangu ya ukutani kabla sijalipuliwa na urithi wa mama yangu."

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu: ni mimi. Lilimfika mpiga chapa kooni, akalimeza kama kidonge. Alijiambia kwamba mhariri anangoja kitabu cha pili, na kwamba Kapteni Radi akigeuka kuwa mpiga chapa wa ghorofani, nani atamsoma? Wale waliolia watajiona wamechekwa. Alijiambia pia kuwa maneno ya watu ni upepo, yatapita. Ukitaka kujua mtu anajidanganya, hesabu sababu zake. Mwenye haki huwa na moja.

Alijaribu njia ya panya. Jumatatu iliyofuata alisubiri Mama Vitabu apande ngazi ya rafu, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika: "Jamani, hiki ni kitabu cha kubuni. Tusimsingizie mtu asiye na hatia." Aliondoka na moyo mwepesi kidogo. Juma la pili akakuta mtu amejibu chini yake: "Ndivyo wanavyosema wenzake siku zote. Na tazameni mwandiko, amejificha."

Kutoka siku hiyo hakuweza kulifungua pazia la dirisha. Alichapa taa ikiwaka mchana. Alisikia sauti za chini, na kila alipomsikia mzee akimwambia mtu "karibu," na mtu yule akapita bila kujibu, vidole vilimkataa. Aliharibu mkataba mmoja wa pango mara tatu. Alijichukia, na kujichukia huko hakukumsaidia mzee hata kwa kikombe cha maji.

Kisha mwenye nyumba, mtu mwenye tumbo la kutangulia na moyo mwoga, akaitisha wapangaji. Alisema hana ugomvi na mtu, lakini familia zinaogopa, na baraza ni mali yake. Ama mzee aonyeshe kilichomo kwenye lile begi, ama ahame. "Akiwa hana kitu, si atafungua? Kwani nani anaogopa kufungua begi?" Wapangaji wakaafiki. Mpiga chapa alikuwapo, amekaa nyuma karibu na mlango, na mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka pajani. Mwenye nyumba akamwona. "Ndiyo, dada, una neno?"

"Hapana," alisema. "Nilikuwa naondoa nzi."

Jumatano ikafika. Saa nane na nusu mzee alifunga kabati, akachukua begi, akageuka, akakuta watu kumi na watano wamemzunguka, mwenye nyumba mbele. Mpiga chapa alikuwa amesimama ngazini, ameshika ukuta.

"Mzee wangu," alisema mwenye nyumba, "tunaomba tu tuone ndani. Tukishaona, kila mtu aende zake."

"Ndani ya begi langu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Watu walitazamana. Mtu mmoja akasema, "Si kama yule wa kitabuni? Jumatano, begi, saa."

"Kitabuni?" Mzee alilitazama begi lake. "Mimi huko bado sijafika."

Hakuna aliyemwelewa. Alilikumbatia begi kifuani kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililomponza, maana mtu asiye na kitu hakumbatii begi. Mkono mmoja ukavuta, mwingine ukavuta, na ngozi iliyochakaa ikaachia mshono. Vitu vikaanguka sakafuni mbele ya watu wote.

Madaftari mawili ya shule, yale yenye mistari mipana. Penseli iliyochongwa kwa kisu kidogo cha fundi. Kitabu cha alfabeti chenye picha ya kuku kwenye jalada. Na nakala ya *Kengele ya Saa Tisa*, ndani yake kipande cha gazeti kikiwa kimewekwa ukurasa wa 61. Daftari moja lilifunguka lenyewe. Ukurasa mzima ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa zilizolala kila upande, mwalimu kaweka alama ya vema kwa wino mwekundu, na neno lilikuwa moja tu, limerudiwa mistari yote: SAA SAA SAA SAA.

Watu waliinama kutazama. Kisha mwenye nyumba, ambaye nia yake haikuwa mbaya ila akili haikuwahi kuuwahi mdomo, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kumbe mzee hujui kusoma?"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, tena wa nyuma. Ilitosha.

Mpiga chapa alielewa yote kwa mpigo. Vikaratasi. Miaka ishirini na saba ya pua na vilemba na miavuli. Mzee hakuwa mchangamfu. Namba alizijua zote, saa imejaa namba, lakini majina ya watu hakuweza kuyaandika, akayachora. Na Jumatano, wakati wenzake wa umri wake wanasinzia, alikwenda kwenye darasa la watu wazima kujifunza alichokificha maisha yake yote. Na sasa kimemwagika sakafuni, na aliyekimwaga ni yeye, mpiga chapa.

Alishuka. Alipiga magoti akaanza kuokota. Ndicho kitu pekee alichofanya. Alipomkabidhi mzee ile riwaya, ukurasa ule wa 61 ukiwa bado umeshikwa na kipande cha gazeti, aliona penseli imepita chini ya kila silabi, mstari kwa mstari. Gaidi anaingia ukurasa wa 70.

"Asante, mwanangu," alisema mzee. Uso ulikuwa umemsawijika lakini sauti ilikuwa ileile. "Mwalimu alisema kila mtu achague kitabu chake. Nikachagua hiki, nasikia kina mambo ya saa." Akajaribu kutabasamu. "Mimi huenda polepole. Nimefika pazuri."

"Baba," alisema mpiga chapa. "Usi…"

"Nisi nini?"

Watu walikuwa wanasikiliza. "Usijali," alisema.

Mwenye nyumba aliona haya, na mtu mwenye haya huwa mkarimu ghafla. Alimwambia mzee asihame, baraza ni lake, akae hata miaka mingine ishirini. Mzee alifunga begi kwa kamba ya kiti. "Nilikaa hapa kama fundi," alisema. "Sasa nitakaa kama nani?"

Alikaa siku tatu zaidi, za kumalizia saa chache zilizobaki kabatini. Siku ya nne meza haikuwepo. Shangazi alipanda na mwavuli wake kwapani na saa ya kengele mkononi.

"Kaniachia nikupe. Kahamia kwa dada yake, ng'ambo ya mto." Aliketi kitandani kwa uzito. "Na mimi nilimpokonya saa ya mama kama nimemkamata mwizi. Alinifungia kwenye gazeti vizuri, akaniambia nisiitikise njiani." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Alaaniwe yule Kapteni. Kama angekuwa hapa, ningempiga na huu mwavuli mpaka uvunjike."

Mpiga chapa aliipokea saa. Haikuwa mbovu, lakini mzee alikuwa ameisafisha, inang'aa. Kikaratasi kilining'inia kwa uzi. Juu yake palikuwa na jina lake, kwa herufi, limeandikwa sawasawa. Akakigeuza. Nyuma palikuwa na picha ya zamani, wino umefifia: dirisha, pazia lililofungwa fundo, na mwanamke ameegemeza kidevu kwenye ngumi, anatazama chini.

Alikiweka kikaratasi kile chini ya mto wa kulalia, akakitoa, akakiweka ndani ya kabati, akakitoa. Hapakuwa na mahali ambapo hakikumwona.

Majuma matano hakwenda kwa Mama Vitabu. Juma la sita alikwenda kwa sababu kutokwenda kulikuwa kumemshinda. Ilikuwa Jumatatu. Kwenye rafu, kwa mara ya kwanza, palikuwa na nakala moja ya *Kengele ya Saa Tisa*, kona zimechakaa, mistari ya penseli imejaa chini ya kila silabi hadi ukurasa wa mwisho.

"Fundi saa alikirudisha Jumatano, akitoka darasani," alisema Mama Vitabu. "Nilimwambia, mzee wangu, wewe usiandike, nenda zako salama. Sijapata kumsamehe mtu, lakini yeye nilimsamehe. Akakataa. Akasema sheria ni sheria. Alisimama hapo hapo uliposimama. Kwanza akasoma ya wenzake yote, tangu mwanzo, kwa kidole. Nilitaka nimnyang'anye hilo daftari, sikuthubutu. Kisha akaandika robo saa nzima."

Mpiga chapa alifungua. Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama kila moja peke yake.

NIMESOMA CHOTE MIMI MWENYEWE. KITABU KITAMU. ZILE PICHA ZILIKUWA MAJINA YA WATU. MWANDISHI ANGENIULIZA NINGEMWAMBIA. SIKU ILE TULIKAA SAA NZIMA NA ROBO.

Hakuandika jina. Pale ambapo wengine husaini, alikuwa amechora kitu kidogo, kwa uangalifu. Dirisha, pazia lenye fundo, na mwanamke.

"Hiyo picha sijaielewa," alisema Mama Vitabu akichungulia begani. "Mazoea tu, nadhani. Maskini. Ila unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama huyo Kapteni ana kitabu kingine. Nikamwambia nasikia anaandika. Akasema, basi atangoja aone safari hii atamchukua nani."

Mpiga chapa alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka bila kelele, yakadondokea mikononi. Mama Vitabu alimtazama, akatazama picha, akatazama tena. Hakuwa mjinga yule mama, maisha yake yote alikuwa akisoma vitabu vya upelelezi.

"Wewe ndiye unayekuja kila Jumatatu," alisema polepole. "Unasoma maoni ya watu, huazimi kitu. Sijakuona ukiandika hata mstari."

"Atarudi lini?"

"Nani?"

"Fundi."

"Keshokutwa, akitoka darasani. Nimemwahidi kitabu kingine." Mama Vitabu aliivuta kalamu kwa uzi wake, akamwekea mbele.

Mpiga chapa alikuwa na vidole vilivyoweza kuchapa ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Sasa vilishika kalamu polepole. Dereva wa lori ataona, alijua, na kinyozi, na yule wa wino mwekundu, na shangazi na mwavuli wake. Mhariri ataona. Alianza kwa mwandiko wake wa kawaida, wa haraka, wa kushikana, akaandika neno moja, akasimama. Akalikata.

Akaanza upya, palepale chini ya picha. HUYU WA DIRISHANI NDIYE KAPTENI RADI. FUNDI HAKUFANYA LOLOTE. NILIMWIBA MIMI. Kisha jina lake, lote, kama alivyoandikiwa kwenye kikaratasi cha saa. Nayo ilimchukua robo saa, kwa sababu aliandika kwa herufi kubwa, mojamoja, zisizoshikana, ili atakayekuja Jumatano asome mwenyewe bila kumwomba mtu.